Farumi ya Mshindi

Mashindano ni mizani. Watu huyaweka ili kupima vitu visivyopimika kwa ratili wala kwa pima: wepesi, ustadi, uvumilivu na uthabiti wa moyo. Mizani njema haina budi kuwa na sahani mbili zilizo sawa kabla ya kutiwa kitu, na sahani hizo hazina budi kuwa huru kupanda na kushuka baada ya kutiwa kitu. Zisipokuwa sawa kwanza, kipimo ni uongo. Zisipokuwa huru baadaye, kipimo si kipimo. Katika mambo haya mawili, usawa wa mwanzo na uhuru wa mwisho, imo shida yote ya swali linalochunguzwa hapa: je, ni haki kumtwika mzigo mtu aliyeshinda jana, ili kesho asimwache mbali mtu aliyeshindwa?

Swali ni la kale, lakini katika zama hizi limepata uwanja unaolionyesha waziwazi kuliko viwanja vingine. Uwanja huo ni mbio za motokaa za kawaida. Motokaa hizo si zile nyembamba zenye kiti kimoja na magurudumu yaliyo nje, ambazo hazionekani popote ila mashindanoni. Ni motokaa zenye paa, milango na umbo la zile zinazouzwa madukani na kuegeshwa mbele ya nyumba za watu. Ndani yake ndimo zilimobadilishwa ili zistahimili mbio. Uingereza ina ubingwa wa mbio hizo tangu mwaka 1958. Huko, na katika nchi nyingine nyingi, watunga kanuni wamezoea kupunguza kwa mkono wao tofauti iliyopo kati ya wenye kasi na wasio na kasi. Wengine husifu desturi hiyo kuwa ni huruma na busara. Wengine huilaani kuwa ni wizi wa jasho. Pande zote mbili zina watu wenye akili, na kwa sababu hiyo yafaa zote mbili zisikilizwe.

Mabaharia wa pwani wana neno farumi. Farumi ni mawe, mchanga, au kitu kingine kizito kinachotiwa ngamani mwa jahazi lisilo na shehena, ili lisipepesuke kwa upepo. Farumi ya jahazi ni rafiki wa chombo, kwani bila hiyo chombo kitupu hakifiki salama. Farumi ya motokaa ya mashindano ni kinyume chake. Vipande vya madini mazito hufungwa ndani ya gari lililoshinda, si kwa ajili ya kulisaidia lifike, bali kwa ajili ya kulichelewesha kufika. Katika ubingwa wa Uingereza, hadi mwisho wa msimu wa mwaka 2021, dereva aliyeongoza kwa alama alianza siku ya mashindano akiwa na kilo 75 za ziada, na waliomfuata walibeba kidogo kidogo kwa kushuka hadi wa kumi. Baada ya mbio za kwanza za siku hiyo, farumi iligawanywa upya, na mshindi wa asubuhi akawa mchukuzi wa mchana.

Kilo 75 ni kama uzito wa mtu mzima mmoja. Kwa gari linalopita kilo 1,200 mzigo huo waonekana mdogo, lakini hakuna tendo la gari usiloligusa. Gari likianza mwendo, injini yavuta uzito mkubwa zaidi kwa nguvu zile zile. Likifungwa breki, lataka nafasi ndefu zaidi kusimama. Likiingia penye kona, matairi yake yafanya kazi zaidi, yapata joto na kuchakaa upesi. Katika mbio ambazo mshindi na mshindwa hutenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde, mzigo wa mtu mmoja asiyeonekana watosha kugeuza furaha kuwa majuto.

Farumi haiko peke yake. Ziko mbinu nyingine zenye shabaha hiyo hiyo. Katika siku ya mbio tatu, safu za mbele za mbio za tatu hugeuzwa, aliyemaliza mbele akaanza nyuma ya wale aliowashinda. Katika mashindano ya namna ya TCR, yaliyoanza mwaka 2015, wakuu hulinganisha magari ya viwanda mbalimbali kwa kupanga uzito wake, kimo chake juu ya ardhi, na nguvu inayoruhusiwa injini kuitoa. Zote hizi ni ndugu wa ukoo mmoja, ingawa tabia zao si moja, kama itakavyoonekana mbele.

Watetezi wa desturi hii wana hoja nzito, na hoja yao ya kwanza ni fedha. Motokaa haikimbii kwa ustadi wa dereva peke yake. Yakimbia pia kwa maarifa ya mafundi, na maarifa ya mafundi hununuliwa. Katika miaka ya 1990 viwanda vikubwa vya Ulaya na Japani viliingia katika ubingwa wa Uingereza kwa wingi. Kila kimoja kilitumia mali zaidi ili kisishindwe na kingine, na gharama zikapanda mpaka zikawalemea hata wale waliozipandisha. Viwanda vikaondoka kimoja baada ya kimoja. Mwaka 2000 vikabaki vitatu tu, Ford, Honda na Vauxhall, na mwaka uliofuata ikabidi ziletwe kanuni mpya za kupunguza matumizi. Somo lake ni kwamba uhuru usio na mpaka hula uwanja wake wenyewe. Tajiri akimaliza kuwashinda maskini wote, hana tena wa kushindana naye. Na bingwa asiye na mpinzani ni mtu anayekimbia peke yake shambani mwake.

Hoja yao ya pili ni kwamba usawazishaji si jambo la kigeni katika michezo ya motokaa, bali ulikuwapo tangu mwanzo kwa sura nyingine. Zamani, katika ubingwa huo wa Uingereza, dereva alipata alama kwa kulinganishwa na wenzake wa daraja moja la ukubwa wa injini. Kwa njia hiyo Bill McGovern alitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, mwaka 1970, 1971 na 1972, kwa gari dogo la Sunbeam Imp ambalo injini yake haikufika lita moja, wakati magari makubwa yalikuwa yakimtangulia uwanjani. Afrika ya Mashariki nayo ilianza hivyo: mashindano ya Safari ya mwaka 1953, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyagawa magari katika madaraja kwa bei yake. Hakuna aliyesema kwamba madaraja hayo yalikuwa dhuluma. Ikiwa ni halali kumtenga mdogo na mkubwa ili kila mmoja apimwe na mfano wake, watetezi huuliza, kwa nini isiwe halali kuwaweka pamoja na kumpa mkubwa mzigo?

Wapinzani hujibu kwamba kati ya daraja na farumi iko tofauti. Daraja huangalia jinsi mtu alivyo kabla ya kuanza. Farumi huangalia alichokitenda baada ya kumaliza. Daraja husema, "Wewe una injini kubwa, nenda kwa wenye injini kubwa." Farumi husema, "Wewe umeshinda, kwa hiyo chukua hiki." Kosa la mshindi ni nini? Ametii kanuni zile zile walizotii wenziwe. Amelala usingizi mchache kuliko wao, amechunguza kila parafujo ya gari lake, ameijifunza kila kona ya barabara, na malipo yake ni kilo 75. Wahenga walisema mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Lakini walisema hivyo kuonyesha tabia ya watu, hawakusema hivyo kuwa sheria ya bustani.

Tena, wapinzani huongeza, mizani ya farumi haioni. Ushindi wa motokaa ni mti wenye mizizi mitatu: dereva, mafundi na fedha. Watetezi hudai kwamba farumi hupunguza nguvu ya mzizi wa fedha. Kumbe haichagui mzizi. Huangukia mti mzima. Kikundi maskini kilichoshinda kwa akili hupewa kilo zile zile zinazopewa kikundi tajiri kilichoshinda kwa mali. Na huenda yakatokea maovu zaidi ya hayo, kwani tajiri anaweza kukodi uwanja na kukesha akijifunza namna ya kuendesha gari zito, wakati maskini hukutana na uzito huo kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Basi kilichokusudiwa kumwinua mnyonge chaweza kuwa somo ambalo tajiri peke yake ana karo ya kulilipia.

Hoja hii ni kali, lakini haimalizi maneno, kwa sababu yadhani kwamba mashindano yote yauliza swali moja. Sivyo. Mbio za farasi, ambazo ni mama wa desturi ya kubebesha uzito, zilitambua jambo hili zamani. Katika Derby ya Epsom, iliyoanza mwaka 1780, farasi dume wa umri mmoja hubeba uzito sawa, kwa kuwa swali linaloulizwa ni hili: farasi aliye bora ni yupi? Katika Kombe la Melbourne, lililoanza mwaka 1861, kila farasi hubebeshwa kwa kadiri ya sifa zake, kwa kuwa swali linaloulizwa ni lingine: ni nani atakayeushinda mzigo unaomstahili? Farasi mashuhuri Phar Lap alishinda Kombe la Melbourne mwaka 1930. Mwaka uliofuata akatwikwa kilo 68, akamaliza wa nane. Hakuna aliyejua farasi akasema siku ile kwamba wale saba waliomtangulia walikuwa bora kuliko yeye. Mzigo wake ulikuwa fedheha ya mguu na heshima ya jina. Kila aliyeutazama alisoma ndani yake kwamba huyu ndiye anayeogopwa.

Kwa hiyo farumi ikijulikana na kutangazwa, haisemi uongo. Yabadili swali, na mtu anayelijibu swali lililobadilika hadhulumiwi, madhali aliambiwa swali kabla ya kuingia. Dereva wa Uingereza alijua mwanzoni mwa msimu kwamba akiongoza atabeba, tena alijua atabeba kilo ngapi. Aliyejua masharti akayakubali hawezi kulia kama mtu aliyevamiwa njiani. Ubingwa wake si wa kasi tupu. Ni ubingwa wa kasi iliyochukua mzigo msimu mzima isikate tamaa. Si jambo dogo hilo, na huenda ni gumu zaidi.

Hata hivyo, liko dhara moja ambalo kutangazwa hakuliondoi, na hilo ndilo kiini cha swali. Sheria inapomtoza mtu kwa ajili ya nguvu alizozionyesha, humfundisha asizionyeshe. Dereva mwenye hesabu aweza kuwaza hivi: "Nikimaliza wa pili leo nitabeba kilo nyingi, nikimaliza wa saba nitabeba chache, na mchana nitawapita wote." Akisha kuwaza hivyo, mguu wake juu ya kanyagio hausemi kweli tena. Vivyo hivyo kiwanda kilichotengeneza gari jipya, kikijua kwamba wakuu wanatazama mwendo wa majaribio ili waamue kilo, kina sababu ya kuliendesha pole pole mpaka hukumu itolewe. Kanuni za mashindano kadhaa ya kimataifa zimekataza kwa maneno ya wazi kuficha nguvu namna hiyo, na kuweka adhabu yake. Makatazo hayo ni ushahidi. Hakuna nchi inayotunga sheria dhidi ya kosa lisiloweza kutendwa na mtu.

Ubaya wa jambo hili si mdogo kama unavyoonekana. Katika mashindano yasiyo na usawazishaji, kila jitihada huelekea upande mmoja, na hata mtu wa mwisho husema kweli kwa kushindwa kwake: hizi ndizo nguvu zangu zote. Mahali ambapo kushindwa kidogo kwaleta faida, mtazamaji hajui tena anachokitazama. Aliye nyuma yawezekana ameshindwa, na yawezekana anangoja. Mwenye jasho na mwenye hila wafanana. Basi usawa ulionunuliwa kwa bei hiyo umenunuliwa ghali, maana umelipwa kwa kweli, na kweli ndiyo bidhaa ya pekee ambayo mashindano yaliwekwa kuiuza.

Dhara la pili latokana na mkono wa mwamuzi. Farumi ya mshindi, pamoja na ubaya wake wote, ni jedwali. Wa kwanza kadha, wa pili kadha. Jedwali halina jamaa wala rafiki. Lakini pale ambapo baraza hukaa baada ya mashindano, likatazama gari hili na lile, likasema hili lipunguziwe nguvu na lile lipunguziwe uzito, mwamuzi ameacha kiti chake akaingia uwanjani. Baraza hilo laweza kuwa la watu waaminifu kabisa. Hilo halibadili neno. Ikiwa magari mawili yamefika pamoja kwa sababu baraza liliyapanga yafike pamoja, basi sehemu ya ushindi ni ya baraza. Mwamuzi huyo, hata akiwa malaika, atakuwa na mashaka ya watu juu yake daima, na mshindi wake atakuwa na deni asilolikopa.

Mkasa wa Australia waonyesha jinsi mashaka hayo yanavyoweza kuchanganyika na mapenzi ya watu. Katika miaka ya kwanza ya 1990 gari la Nissan Skyline GT-R lilitawala mashindano ya nchi hiyo, ambayo mashabiki wengi waliyapenda kwa ajili ya Ford na Holden. Kwa msimu wa mwaka 1992 likaongezewa uzito na kupunguziwa nguvu ya injini. Bado Jim Richards na Mark Skaife wakatangazwa washindi wa mbio kuu za Bathurst mwezi wa Oktoba mwaka ule, baada ya mvua kusimamisha mbio na matokeo kuhesabiwa kwa mizunguko ya nyuma, ingawa gari lao lilikuwa limekwisha pata ajali katika maji. Watu wakawazomea washindi jukwaani. Kanuni za mwaka 1993 zikafunga mlango wa magari ya namna ile. Hapa usawazishaji ulionyesha nyuso mbili kwa zamu. Mzigo ulisema, "Kaa nasi, lakini beba." Kanuni mpya ilisema, "Ondoka." Mtu anayelaumu mzigo yampasa akumbuke kwamba mara nyingi kilichopo nyuma yake si uhuru, bali ni mlango uliofungwa. Na mtu anayesifu mzigo yampasa akumbuke kwamba umati usioridhika na mshindi hauridhiki kwa mzigo, hutaka asiwepo.

Iko njia nyingine iliyojaribiwa baadaye. Kuanzia mwaka 2022 Uingereza iliacha farumi, ikaweka magarini nguvu ya umeme ya kuisaidia injini kwa sekunde chache katika kila mzunguko. Walio nyuma kwa alama walipewa sekunde nyingi. Aliyeongoza aliingia katika mbio za kwanza za siku bila sekunde hata moja. Mpango huo ulidumu hadi mwaka 2024, na msimu wa 2025 ukaanza bila umeme huo. Kwa hesabu, kumwongezea mmoja mzigo na kuwaongezea wengine msaada ni kitu kimoja: mwanya hupungua kwa kiasi kile kile. Kwa maadili si kitu kimoja. Mwalimu mwenye wanafunzi wasiolingana aweza kumkalisha aliye nyuma jioni akamfundisha tena. Aweza pia kumpunguzia alama aliye mbele. Mwishoni mwa muhula madaftari ya njia zote mbili yatakaribiana. Lakini katika njia ya kwanza darasa limeongezewa maarifa, na katika ya pili limepunguziwa ukweli. Kumsaidia mshindwa hakumwambii mshindi kwamba alikosa.

Hata hao wanaoshika farumi hukiri mpaka wake kwa matendo. Japani, katika mashindano ya Super GT, uzito wa ushindi umekuwa ukipunguzwa msimu unapokaribia mwisho, na kuondolewa kabisa katika mbio za mwisho, ili bingwa aamuliwe kila gari likiwa tupu. Ujerumani, mashindano ya DTM yaliuacha mzigo wa namna hiyo katikati ya msimu wa mwaka 2017. Desturi ya Japani ni kama kusema: tumeufanya msimu kuwa hadithi kwa msaada wa mzigo, lakini neno la mwisho la hadithi liwe kweli. Ni ungamo la heshima, na ndani yake imo hekima.

Hekima kama hiyo imefichika pia mahali ambapo mtu asingeitazamia, yaani katika kura. Safu za mbio za tatu za Uingereza zinapogeuzwa, idadi ya magari yatakayogeuzwa hutolewa kwa kura baada ya mbio za pili kwisha. Kwa mtazamo wa kwanza kura yaonekana adui wa ustahili. Lakini itazamwe tena. Kama idadi ingejulikana kuwa kumi, watu wangeshindana kuwa wa kumi. Kwa kuwa haijulikani, hakuna nafasi ya kuilenga isipokuwa ya mbele. Bahati imewekwa kuwa mlinzi wa jitihada. Imefunga tundu ambalo hila ingepitia.

Bahati hiyo hiyo ilikataliwa mahali pengine, na ilikataliwa kwa haki. Mwaka 1958, katika msimu wa kwanza wa ubingwa wa Uingereza, Jack Sears na Tommy Sopwith walifika mwisho wakiwa na alama sawa. Shauri la kwanza lilikuwa kurusha sarafu, halikupendwa. Badala yake zikaletwa motokaa mbili za Riley zinazofanana, na wawili hao wakashindana uwanjani Brands Hatch mara mbili, wakibadilishana magari baada ya mara ya kwanza. Muda wa mara zote mbili ulipojumlishwa, Sears alikuwa mbele kwa sekunde 1.6, akawa bingwa. Katika tendo lile hapakuwa na kilo iliyoongezwa wala nguvu iliyopunguzwa. Usawa uliletwa kwa kubadilishana: wewe endesha langu, nami nitaendesha lako. Kama gari moja lilikuwa na siri ya kasi, kila mmoja aliionja kwa zamu. Kura ingetoa bingwa bila jitihada. Kubadilishana kuliondoa tofauti za vyuma, kukaacha tofauti za watu zisimame peke yake. Ndiyo maana sekunde ile moja na nukta zake ina uzito kuliko ushindi mwingi wa mwendo mrefu.

Si kila shindano laweza kuendeshwa hivyo, kwani viwanda havitaki kupimwa madereva tu. Vyataka kupimwa vyuma vyao pia. Lakini mfano ule watoa kipimo cha kupimia vipimo vingine. Usawa wa haki hushughulika na njia, hauzishiki nguvu za mtu mkono. Ndiyo sababu kanuni za Uingereza za mwaka 2011, zilizoagiza sehemu nyingi za magari ziwe za namna moja ili maskini na tajiri wanunue kitu kile kile, zina hoja safi kuliko farumi. Maana zimepunguza tofauti ya mfuko kabla ya mbio, hazikupunguza tofauti ya bidii baada ya mbio.

Hukumu basi haiwezi kuwa kwamba farumi ni haki wala kwamba ni dhuluma, bila sharti. Masharti yake ni matatu. Kwanza, mzigo ujulikane kabla ya kuingia, ili anayeingia ajue swali analojibu. Pili, uandikwe katika jedwali, usikae katika kichwa cha mwamuzi, ili ushindi usiwe zawadi ya baraza. Tatu, na hili ndilo kubwa, thamani ya kushinda izidi daima gharama ya mzigo unaofuata, ili katika mbio zozote pasiwe na mtu mwenye faida ya kushindwa. Farumi iliyotimiza mawili ya kwanza ikakosa la tatu ni mzigo wa wazi unaozaa uongo wa siri. Iliyotimiza yote matatu ni nzito tu, si mbaya.

Masharti haya hayaishii uwanjani. Kila jamii hutaka kupunguza mwanya kati ya walio mbele na walio nyuma, na yafaa itake, kwa sababu watu hawakuanza safari mahali pamoja. Ipo jamii inayopandisha walio nyuma, na ipo inayokokota walio mbele. Ipo inayotumia jedwali, na ipo inayotumia uso wa mtu. Alama ya kuzitofautisha ni moja, na hata mtoto aweza kuitumia. Atazame kama chini ya sheria hiyo mtu mwenye nguvu ana sababu ya kujifanya dhaifu. Akiiona sababu hiyo, ajue kwamba mizani ina kasoro, hata sahani zake zikiwa sawasawa. Jahazi hutiwa farumi ili lifike; na mzigo wowote anaotwikwa mtu kwa jina la haki hauna budi kumwacha aweze kutweka tanga lake lote.